Crossmaglen Rangers: kijiji kilichobeba ubingwa mara 6 bila kununua mchezaji hata mmoja

Kila video ya mpira wa Kigaeli, mchezo wa asili wa Ayalandi, ikirushwa kwenye magrupu maswali huwa ni yale yale. Hii ni raga? Mbona wanadaka halafu wanapiga teke? Mbona matokeo yameandikwa 1-12 kwa 0-14 na aliyeshinda ni huyu wa 1-12? Na likitajwa jina la Crossmaglen Rangers ndo watu wanachanganyikiwa kabisa, mmoja anasema hao ni ndugu zake Glasgow Rangers, mwingine anauliza inakuwaje timu iko upande wa Uingereza halafu inagombea ubingwa wa Ayalandi, mwingine anataka kujua kijiji cha watu kama 1,600 kilipata wapi hela ya kusajili kikosi kilichobeba ubingwa wa nchi nzima mara 6. Jibu la hilo la mwisho ni fupi, hakikusajili mtu. Na ukishaelewa kwa nini hakikusajili mtu, mengine yote yanajipanga yenyewe, kwa hiyo twende taratibu tuanze na mpira wenyewe.

Mpira wa Kigaeli unachezwa na watu 15 kila upande, kwenye uwanja wa urefu wa mita 130 mpaka 145, yaani mkubwa kuliko wa soka tuliouzoea. Magoli yana umbo la herufi H, nguzo mbili ndefu zinapanda juu, katikati kuna mtambaa panya, chini yake nyavu na golikipa. Mpira ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo ni pointi 1, ukiingia nyavuni ni goli, na goli moja ni pointi 3. Kwenye ubao wanaandika magoli kwanza halafu pointi na hawajumlishi, kujumlisha ni kazi yako wewe. Chukua fainali ya timu za kaunti ya mwaka 2002 ambayo tutairudia baadaye, Armagh 1-12, Kerry 0-14. Armagh wana goli 1 ambalo ni 3, ongeza 12 unapata 15, Kerry hawana goli wana 14 zao, basi Armagh ndo bingwa kwa pointi moja. Kuanzia 2025 wameongeza kitu, ukipiga ukiwa nje ya tao la mita 40 mpira ukapita juu unapewa 2, ndo maana kwenye video za siku hizi utamwona mtu anarudi nyuma kupiga wakati nafasi ya kusogea mbele anayo.

Mikono inaruhusiwa ila si kama raga. Ukishika mpira una hatua 4, baada ya hapo lazima uudundishe chini au uuangushie kiatuni ujirudishie mkononi kwa ncha ya mguu, na huruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Mpira ukiwa chini huuokoti kwa mikono, unauinua kwanza kwa mguu. Pasi ni teke au kuupiga kwa mkono, ukiurusha tu refa anapuliza. Na hakuna kumkamata mtu kiuno na kumlaza, mnachoruhusiwa ni kusukumana bega kwa bega. Hayo yanatosha kuangalia mechi nzima bila kupotea.

Sasa tuje kwenye klabu, na hapa ndo pa kushika.

Mwenye mchezo huu ni chama kinachoitwa GAA, chama cha michezo ya Kigaeli, kilichoanzishwa tarehe 1 Novemba 1884 kwenye hoteli moja mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Waliokiongoza mwanzo ni Michael Cusack aliyekuwa mwalimu na Maurice Davin aliyekuwa mwanariadha mwenye jina kubwa. Wakati huo Ayalandi yote ilikuwa inatawaliwa na Uingereza, na hawa watu wakataka michezo ya kwao, huu mpira pamoja na halingi ule wa fimbo, iandikiwe sheria na ipate mashindano ya maana. Walipojipanga waliegemea kitu ambacho kila kijiji kilikuwa nacho tayari, parokia. Eneo la kanisa moja, shule moja, makaburi yale yale, basi hapo klabu moja. Unachezea pale ulipozaliwa au unapoishi, na kaunti nyingi hili wameliandika kabisa kwenye kanuni zao. Uhamisho upo lakini kwa kawaida ni kwa sababu umehama makazi, si kwa sababu kuna mtu amekuja na bahasha.

Na hakuna mshahara. Hapa watu wengi hawaamini wakiambiwa, maana wanaona Croke Park pale Dublin, uwanja wa watu zaidi ya 82,000 umejaa, wanasema lazima kuna mtu anakula. Hela ya viingilio inaingia ndiyo, inajenga viwanja na kulipia makocha wa watoto, ila mchezaji hapewi mshahara. Jumapili anashangiliwa na uwanja mzima, Jumatatu asubuhi yuko darasani anafundisha au yuko saiti anajenga, na kwenye klabu yake analipa ada ya uanachama kama mtu mwingine yeyote.

Fikiria timu ya ndondo ya mtaani kwenu, wale vijana mnaowajua mpaka mama zao, halafu fikiria kuna ngazi iliyonyooka ambayo timu ile ile, vijana wale wale, bila kuongezewa staa wa Simba wala Yanga, inaweza kupanda mpaka ikacheza fainali ya taifa kwenye uwanja mkubwa kuliko yote. Ngazi yenyewe iko hivi, klabu zinagombea ubingwa wa kaunti yao, bingwa wa kaunti anaenda kwenye jimbo, majimbo yako manne, Ulster, Leinster, Munster na Connacht, kisha mabingwa wa majimbo wanakutana kutafuta bingwa wa Ayalandi yote. Haya mashindano ya klabu ya nchi nzima yalianza msimu wa 1970-71, na kwa miaka mingi fainali ilikuwa inapigwa tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, siku hizi ni Januari. Pembeni ya hayo kuna timu za kaunti, ambazo zinachukua wachezaji bora kutoka kwenye klabu zote za kaunti na kugombea kombe la Sam Maguire. Hili ndo kubwa zaidi kwa watazamaji. Mchezaji anaitwa kaunti, anacheza, anarudi klabuni kwake, klabu haiachwi.

Kitu kingine kinachochanganya, ukisikia klabu fulani ni bingwa wa junia usidhani ni watoto. Junia ni daraja la chini la watu wazima, juu yake kuna la kati, juu kabisa ni sinia. Kuna wababa wa miaka 38 wanacheza junia na wanaitamani medali ile kuliko kitu chochote.

Haya, Crossmaglen. Ni kijiji kusini mwa kaunti ya Armagh, kina uwanja mkubwa wa soko katikati, mashamba yamekizunguka, na kilomita chache tu unaingia Jamhuri ya Ayalandi. Klabu ilianzishwa mwaka 1887, miaka 3 tu baada ya GAA yenyewe. Ayalandi ilikuja kugawanywa mwaka 1921, kaunti 6 za kaskazini zikabaki Uingereza na 26 zikaenda kuwa nchi yao. Hesabu hapo, mpaka uliikuta klabu ipo, tena ina umri wa mtu mzima. Na GAA haikukubali kugawanyika, ikaendelea kuhesabu kaunti 32 kama zamani. Soka liligawanyika likawa na chama cha Belfast na chama cha Dublin, mpira wa Kigaeli ukabaki mmoja. Kwa hiyo Crossmaglen iko chini ya serikali ya London kwa kodi na polisi, ila kwa mpira ni Armagh, Ulster, Ayalandi, na ukiwauliza wenyewe hiyo ya mpira ndo wanaihesabu.

Jina la Rangers halina uhusiano wowote na Glasgow Rangers, ni jina tu ambalo klabu nyingi za zama zile zilijipa, na kusema kweli mashabiki wa hizo mbili kihistoria wako kambi tofauti kabisa. Jezi zao ni nyeusi na rangi ya kaharabu. Uwanja wao una jina la Mtakatifu Oliver Plunkett, askofu mkuu wa Armagh aliyenyongwa London mwaka 1681 na kutangazwa mtakatifu 1975. Uwanja huo ndo nataka tukae nao kidogo, maana pale utaona klabu ya kijiji inabeba nini.

Mwaka 1969 serikali ya Uingereza ilipeleka jeshi Ayalandi Kaskazini vurugu zilipochacha, na kusini mwa Armagh kukaja kuwa sehemu ya hatari kuliko zote kwa askari wake. IRA, kundi la wapiganaji waliotaka kuing'oa Uingereza kule, walikuwa na nguvu pale, mabomu yalikuwa yanategwa barabarani kiasi kwamba jeshi likaacha kutumia magari, kila kitu kikawa kinaletwa kwa helikopta, askari, chakula, mpaka taka zilikuwa zinaondoka kwa helikopta. Kambi ya Crossmaglen ilikuwa katikati ya kijiji na imegusana na uwanja wa klabu. Miaka ya mwanzo ya 70 jeshi likachukua sehemu ya ardhi ya klabu. Sasa hebu jiweke pale, watoto wanafanya mazoezi, upande mmoja kuna ukuta wa bati na mnara wenye kamera na askari mwenye bunduki anaangalia chini, helikopta inashuka karibu na vichwa vya watu, upepo wa mapanga unapeperusha kila kitu, mechi inasimama, inaondoka, mechi inaendelea. Mpira ukivuka ukuta ukaangukia kambini kuurudisha ni shughuli. Hii haikuwa wiki wala mwezi, watu walizaliwa wakakua wakacheza wakastaafu mpira hali ikiwa hivyo. Ardhi ilikuja kurudi baada ya amani ya 1998, na operesheni nzima ya jeshi la Uingereza kule ilifungwa rasmi Julai 2007.

Klabu ingeweza kuhama, na wao wakakataa. Wakaendelea kukata nyasi, kuchora mistari, kupeleka malalamiko yao na kudai ardhi yao, huku wakifundisha watoto. Mimi naona hapa ndo jibu la wale wanaouliza siri ya Crossmaglen ilikuwa nini. Kijiji ambacho kilikuwa kinatajwa kwenye habari kwa vifo tu kilikuwa na kitu kimoja cha kwao wenyewe ambacho kingewafanya watajwe kwa sababu nyingine, na wakakishika kwa mikono miwili.

Lakini kuna uzushi unaotembea kwamba klabu hizi za kaskazini zilikuwa matawi ya IRA. Hapana, na pia nisikudanganye kwamba GAA ilikuwa haina upande. Klabu ni ya kijiji kizima na kijiji kizima kina watu wa kila msimamo, wapo walioiunga mkono IRA, wapo walioichukia, wote walikaa kwenye ukingo mmoja wa uwanja wakishangilia mtoto yule yule. Ila chama chenyewe kilizaliwa na wazo la utaifa wa Kiayalandi, klabu nyingi zina majina ya wanamapinduzi, na kulikuwa na kanuni ya 21 iliyowakataza askari wa Uingereza na polisi wa kaskazini kuwa wanachama. Kanuni hiyo ilifutwa Novemba 2001 tu, na kaunti nyingi za kaskazini, Armagh ikiwemo, zilipinga isifutwe. Huwezi kuelewa kwa nini walipinga kama hujui habari za ule ukuta wa bati. Na kuna kifo cha Aidan McAnespie, kijana wa klabu ya Aghaloo kaunti ya Tyrone, aliyepigwa risasi na askari tarehe 21 Februari 1988 pale kizuizi cha Aughnacloy akiwa anaenda kwenye mechi. Askari huyo alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2022, miaka 34 baadaye. Watu wa GAA wa kaskazini hawajakisahau.

Vile vile si kweli kwamba GAA ni chama cha Wakatoliki peke yao. Hakuna kanuni ya dini, na Sam Maguire ambaye kombe kubwa lina jina lake alikuwa Mprotestanti kutoka Cork. Ila kiuhalisia kule kaskazini wanachama wengi sana ni Wakatoliki, kwa sababu parokia na shule zimegawanyika hivyo, na hilo halijaisha mpaka leo.

Turudi uwanjani. Mwaka 1996 Crossmaglen walichukua ubingwa wa kaunti ya Armagh, na toka hapo wakauchukua mara 13 mfululizo mpaka 2008, 2009 wakaukosa, wakarudi tena wakauchukua 2010 mpaka 2015. Yaani miaka 20, wameukosa mmoja. Kocha wa mwanzo wa mbio hizi ni Joe Kernan, mtoto wa pale pale. Tarehe 17 Machi 1997 wakawafunga Knockmore ya Mayo pale Croke Park na kuwa mabingwa wa Ayalandi kwa mara ya kwanza, na ujue mwezi mmoja tu kabla ya hapo askari wa Uingereza aliuawa kwa risasi pale Bessbrook, kusini mwa Armagh hapo hapo, vita vilikuwa bado vipo. Wakarudia 1999 na 2000, halafu 2007, kisha 2011 na 2012. Ukiangalia orodha za wachezaji wa miaka yote hiyo utaona majina ya ukoo yanajirudia, McConville, McEntee, Kernan, Bellew. Tony McEntee na pacha wake John walicheza vikosi vya mwanzo, halafu Tony huyo huyo ndo akawa mmoja wa makocha wawili wa ubingwa wa 2011 na 2012, na kwenye timu hiyo anawafundisha watoto wa Joe Kernan. Usajili wao ulikuwa unafanyika hospitali ya uzazi, miaka 20 kabla.

Joe Kernan mwenyewe alipewa timu ya kaunti, na hapa tunarudi kwenye ile 1-12. Armagh walikuwa hawajawahi kuchukua Sam Maguire hata mara moja. Mwaka 1977 Kernan akiwa mchezaji alifunga magoli 2 kwenye fainali na bado wakapigwa na Dublin 5-12 kwa 3-6, piga hesabu mwenyewe sasa unajua, 27 kwa 15. Fainali ya 2002 mapumziko wako nyuma, Oisín McConville, kijana wa Crossmaglen, amekosa penalti. Kernan akatoa ile zawadi ya washindwa aliyopewa 1977, akawaonyesha wachezaji, akaipigiza ukutani bafuni ikavunjika vipande, akawauliza kama na wao wanataka kubaki na kitu kama hicho maisha yao yote. Kipindi cha pili McConville aliyekosa penalti ndo akafunga goli, lile lile goli moja kwenye ile 1-12. Armagh walikuja kuchukua tena 2024, walipowafunga Galway 1-11 kwa 0-13, hesabu ni ile ile, pointi moja.

Na huyu McConville ana jambo jingine ambalo vijana wetu wa mikeka wanapaswa kulijua. Miaka yote hiyo ya medali alikuwa anateseka na uraibu wa kubeti, alipoteza hela nyingi mpaka akaenda kutibiwa mwaka 2005, na baadaye akalisema hadharani, akasomea ushauri nasaha na sasa anawasaidia wengine. Aliporudi alibeba ubingwa wa 2007 na kijiji chake. Mwaka 2018 GAA ikapiga marufuku kampuni za kubeti kudhamini timu na mashindano yake, na huo ni uamuzi ambao natamani ungesomwa kwa makini na vyama vya soka vya huku kwetu ambako kifua cha kila jezi kina jina la kampuni ya mikeka.

Je klabu za vijijini ziko salama? Hapana, na ndo hatari ya ule mfumo wa kutosajili. Kama timu yako ni watoto wa parokia yako, siku watoto wakiisha timu imeisha. Vijana wanahamia Dublin kusoma na kufanya kazi, wengine wanaenda Sydney, London, Dubai, shule za msingi za vijijini zinapungukiwa, na klabu ambazo zamani zilikuwa mahasimu wa kufa na kupona zinalazimika kuunganisha timu zao za watoto ili wapate 15. Upande mwingine klabu za pembezoni mwa Dublin zina maelfu ya wanachama mpaka watoto hawapati nafasi ya kucheza. Watu wanaona kikosi cha mjini kinakutana na kikosi cha kijiji kwenye fainali wanadhani ni uwiano, wakati mmoja amechagua kwenye bahari na mwingine amechagua kwenye kisima. Crossmaglen wenyewe toka ubingwa wa Armagh uende kwa klabu ya Maghery mwaka 2016 hawajarudia utawala ule.

Kinachosaidia baadhi ya vijiji sasa hivi ni wageni wanaohamia. Boidu Sayeh alizaliwa Liberia, akafika Ayalandi akiwa mtoto, akaanza kucheza Rosemount, klabu ndogo ya kijijini kaunti ya Westmeath, akapanda mpaka timu ya kaunti na mwaka 2022 wakabeba kombe la Tailteann, lile la kaunti za daraja la pili. Kanuni ya parokia haiulizi babu yako alitoka wapi, inauliza unaishi wapi, kwa hiyo ndugu zetu mlioko Ayalandi mna watoto, klabu ya karibu inawachukua toka wakiwa na miaka 5 au 6, ada ni ndogo na makocha ni wazazi wenzenu. Na mlioko Dubai, Abu Dhabi au Muscat, Waayalandi wanaofanya kazi huko wana klabu zao za GAA na hawabagui asiyejua mpira, watakufundisha hata kuuinua kwa mguu.